Mafahali Walikosa Nini?

Dada Paulina, hamjambo huko Endamarariek?

Mama usimwambie: mtihani wa Sheria ya Ushahidi umenishinda tena, na sasa mimi ni dereva wa Mhispania maarufu anayepigana na mafahali uwanjani.

Leo mchana, kule Kakesio, tulisimama kupisha ng'ombe. Mwanamke mmoja wa Kimasai akatuletea kibuyu cha maziwa. "Mwanangu, huyu mgeni wako anafanya kazi gani?"

Ningeweza kusema ni mchezaji mpira. Nikasema kweli: anaua mafahali, watu wanampigia makofi. Morani, vijana waliokuwa wakiswaga ng'ombe wale, wakasogea kwenye mlango wa gari na fimbo zao.

"Kwani hao mafahali walikosa nini?"

Nikamtafsiria bosi. Akafunua shati, akamwonyesha kovu refu ubavuni.

"Pole," akasema yule mwanamke. "Na fahali aliyekuumiza yuko wapi?"

Bosi akainamisha kichwa. Mwanamke akarudisha kibuyu kwapani kabla hatujaonja, akawaambia morani watupishe. Nikaendesha hadi Karatu.

Ninywee kikombe cha maziwa, Dada, maana nimerudi na koo kavu. Wabusu watoto. Mtihani nitaurudia, leo nimeona shahidi anavyohojiwa.

Mdogo wako,
Emanuel