Mkia wa Treni ya Birika

Nyumba za Reli, Na. 14
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anakohoa, au ameacha baada ya kuona humhurumii tena? Sisi huku ni wazima. Mama ndiye mzima kuliko wote, hasa sauti, kama utakavyoona. Ulisema simu hushika ukipanda juu ya tangi la maji, basi nimeona heri niandike, usije ukaumia na goti la pili kwa habari zetu.

Cherehani uliyomtumia Mama imefika salama. Ilivyofika ndiyo habari yenyewe.

Kazi yangu unaijua. Wenzangu wanapanga treni za abiria, mimi nimeachiwa za mizigo: natafuta upenyo wa kuzipitisha katikati ya watu wanaowahi kazini. Nachora kwenye karatasi ndefu ya ratiba, penseli nyekundu kwa abiria, ya bluu kwa mizigo. Mstari wa bluu ukigusa mwekundu, kuna watu elfu moja wamekwama relini wananitukana bila kunijua. Mmoja wao ananijua.

Alhamisi iliyopita Mama alikuwa na usaili. Baada ya miaka kumi na tisa ya kushona mifuko ya sare, kiwanda chao kilikuwa kinatafuta msimamizi wa chumba cha kukatia, na walibaki wawili tu, yeye na mwenzake. Usaili ni saa mbili kamili, atakayechelewa asijisumbue kuingia. Treni yake ni ya saa moja na dakika kumi, na mizigo yangu ilikuwa imeshamchelewesha mara tatu mwezi uliopita. Nikamwapia kwamba safari hii hakuna behewa litakalomgusa. Akasema, "Tutaona," akaendelea kupiga pasi.

Nilipanga vizuri, Dada, sijisifu. Treni ya mizigo itangulie, iingie njia ya kupishania pale kwenye kona, itulie, ya Mama ipite. Siku hiyo ilikuwa na mabehewa thelathini badala ya ishirini ya kila siku, lakini nafasi ilitosha. Nilipima mara mbili.

Saa moja na robo, taa ya njia kuu ikakataa kugeuka kijani. Nikamwita dereva kwenye redio. "Niko ndani, mkubwa, nimetulia," akajibu, na kweli alikuwa ametulia. Bosi wetu, tunayemwita Rula, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Ndipo ikalia simu ya dharura, ile ya kipaza sauti, ambayo namba yake niliwahi kumpa Mama siku moja akili ziliponiruka.

"Wewe! Mkia wa treni yako umelala njiani kwetu!"

"Mama, niko kazini."

"Na mimi kazini nitafika saa ngapi? Hapa kwenye kona naiona yote, kichwa mpaka mkia. Mbele kuna nafasi tele, hata mabehewa kumi na mawili yanaingia! Huyo dereva wako kasimama kibandani, anakunywa chai!"

Dereva huyo jina lake la kazini ni Birika. Miaka yote husimamisha injini mbele ya kibanda cha chai, pale katikati ya njia ya kupishania, ajaziwe chupa yake. Kwa mabehewa ishirini, chai haikumdhuru mtu. Mimi nilipima reli, nikapima injini na mabehewa, chai sikuipima.

"Sogea mbele mpaka mwisho," nikamwambia Birika kwenye redio.

"Mwenye kibanda ndiyo kwanza anamimina, mkubwa," akasema.

Rula akaninyang'anya redio. Aliyoyasema siyaandiki, maana najua barua hii utawasomea watoto.

Mkia ukaingia, taa ikawa kijani, na Mama akafika saa mbili kasoro dakika mbili, anahema. Walipomuuliza kama anaweza kukadiria kitambaa kwa macho, akawapa habari ya yale mabehewa kumi na mawili. Baadaye nilikwenda kupima: kumi na moja na nusu. Wamempa kazi, Dada! Nililia pale pale mezani, sikufichi, na nimefurahi mpaka leo.

Cherehani yako ilikuwa kwenye behewa la mwisho, lile lile lililomzibia njia. Nimemwonyesha hati ya mzigo, hataki kusikia. Anashikilia kwamba imekuja kwa lori.

Sasa kuna jambo moja, na hili libaki kati yetu. Baada ya aibu ile, Rula ameniamuru nihamishe mizigo, na upenyo pekee niliopata ni wa kutangulia treni ya abiria ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ameshatia sahihi. Leo mchana Mama ameniambia kwamba msimamizi hufika kabla ya mafundi, awafungulie mlango, kwa hiyo kuanzia kesho atapanda treni ya saa kumi na mbili na nusu. Sijamwambia kitu. Yuko hapa sebuleni anajaribu cherehani, na anaimba.

Nisalimie shemeji, mapacha, na Shangazi Miwani akija kukutembelea. Mungu awalinde nyote, na mimi anilinde kesho asubuhi.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye na mwenye hofu,

Kipenga