Leo Nimeingia kwa Mlango wa Mbele

Alhamisi, Novemba 2016. Joto limepungua, masha Allah, hata kiyoyozi nimekizima.

Hili lazima niliandike usiku huu huu. Leo hoteli yetu ya Garhoud, hapa Dubai, imefunguliwa upya, na aliyewatembeza wageni akiwasimulia historia yake ni Salma wangu. Msaidizi wa meneja! Huyu huyu niliyemzaa miye.

Hoteli ile naijua. Nilipoanza kufua mashuka pale chini ilikuwa na ghorofa nne, zulia la kahawia, na funguo zenye vipande vya shaba vizito kama mawe ya mizani. Baadaye wakabandika vioo kila ukuta, mpaka ukipita unajisalimia mwenyewe. Funguo zikawa kadi. Sasa vioo vimeng'olewa, chini marumaru tupu, na chumba chetu cha kufulia kimekuwa ukumbi wa mazoezi. Watu wanalipa kutokwa jasho palepale sisi tulipolipwa kutokwa nalo!

Jana nilimwambia Salma, mwanangu, habari ya mama kufua usiitie, watakuwapo wakubwa. Akaendelea kupiga pasi koti lake. Yule asipobishana, ujue keshaamua.

Basi nimevaa buibui jipya, nimejifukiza udi hadi lifti ya jengo letu ikanukia, na miguu ikanipeleka yenyewe mlango wa nyuma. Mbele wafanyakazi tulikuwa hatupiti. Nakato, mlinzi wetu wa Kiganda, akanizuia.

"Madam, wageni wanapita mbele."

"We Nakato, si mimi!"

"Nakujua sana. Yalla, haya madam, zunguka."

Madam. Mimi!

Ndani nikajibanza nyuma ya nguzo. Salma akawaleta wageni mpaka penye ukumbi ule wa mazoezi. 

"Hapa ndipo mashuka yote ya hoteli yalipofuliwa," akasema kwa Kiarabu, kisha Kiingereza. "Mama yangu alifua hapa. Yule pale, mwenye buibui la zari."

Wote wakageuka. Mzee mwenye hoteli akaja mwenyewe, akaweka mkono kifuani, akanisalimu.

Nililia? Wapi! Nililiweka buibui sawa, nikatoka nyuma ya nguzo, nikatabasamu kama hoteli ni yangu.

Ila sasa nimekaa najiuliza: aibu ile niliyotaka kumfichia Salma ilikuwa ya nani? Maana mwanangu hana.

Khalas, yamekwisha. Kesho mtaa wetu mzima wa Al Qusais utanikoma. Picha ninazo.