Mchanga wa Bure

Nansio, 4 Novemba 1961

Kaka Mbaruku,

Shikamoo. Sisi tu wazima wa miili tu. Natumaini wifi na watoto hawajambo.

Kisima ulichojenga na mume wangu Masalu mwaka juzi kimeua. Simenti ilikuwa ikivimba na kumeguka, ukiikuna kwa ukucha inatoka unga. Jumatatu Getruda, binti wa Chenge, aliegemea akivuta ndoo, ukuta ukaporomoka naye. Tulimtoa kichwa kimepondeka. Sasa wanasema Masalu aliiba simenti akachanganya majivu, na Chenge ameapa kuukata mkono wa mwizi. Mwandikie jumbe kwamba ulishuhudia kila mfuko ukiingia. Wewe ndiye fundi, watakusikiliza.

Mdogo wako,
Mwanvua

Mirongo, 13 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mjini wanashona bendera. Msiba wa Chenge umenichoma. Kabla sijamwandikia jumbe, niambie: palipomeguka pana rangi ya kutu? Pananuka yai bovu? Nitumie kipande. Masalu asitoke nyumbani.

Kaka yako,
Mbaruku

Nansio, 19 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Hali zetu usiulize. Walimkuta humo humo nyumbani ulimosema akae. Wamempiga kwa makasia na mawe, meno yake nimeyaokota kwa kanga yangu. Kipande hiki hapa, kina kutu na kinanuka. Umeridhika? Jumbe amewazuia hadi mwisho wa mwezi, basi. Ni mistari miwili tu, kaka, nakuomba!

Mdogo wako,
Mwanvua

Mirongo, 5 Desemba

Mwanvua,

Nimechelewa kwa woga. Mchanga niliouleta kwa mashua niliuchota kwenye lundo la taka za mgodi wa dhahabu. Ulikuwa laini, tena wa bure. Mchanga ule ukilowa hutoa tindikali, na tindikali huila simenti. Mzee mmoja wa mgodini alinionya, nikamcheka. Masalu hakujua lolote. Nimejenga visima vingine vitatu kwa mchanga huo, nikaogopea jina langu. Barua ya kumpa jumbe hii hapa ndani. Nisamehe.

Kaka yako,
Mbaruku

Nansio, 14 Desemba

Mbaruku,

Barua yako imefika wiki nzima baada ya mkono kukatwa. Waliulaza juu ya kipande cha ukuta wako. Simenti ilipasuka kwa pigo la kwanza, ikabidi Chenge arudie. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wewe umemwachia mwenzio aumbuke.

Jumbe sikumpelekea kitu. Barua zote mbili nilimpa Chenge. Alisomewa, akaja kupiga magoti mbele ya Masalu, akalia mpaka nikamhurumia. Masalu alimwelekeza tu nyumba yako: ukivuka daraja la Mirongo, mlango wa buluu.

Chenge amepanda meli ya leo na panga lile lile. Barua hii imo katika meli hiyo hiyo, sijui kipi kitakufikia kwanza.

Mke wa Masalu