Dakika Moja, Niko Hewani

Jumapili, 2 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kifua kimekuachia. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananisumbua, lakini magoti hayaandiki. Ulisema tuandikiane kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kugombana. Haya, nimekubali, ingawa anayegomba ni wewe. Naandika kwa kidole kimoja. Herufi ikikosewa ni simu, si mimi.

Nina habari. Baba yako sasa ni mwandishi wa habari. Usicheke. Wewe umesoma mpaka ukaitwa mhariri, mimi niliacha shule darasa la tatu, na wanaonifuata mtandaoni wameshapita watu wote wa mtaa wetu na mtaa wa pili. Ukurasa unaitwa Fundi Saa Ameona. Bomba la maji machafu likipasuka, wa kwanza mimi. Taa za barabarani zikizimika, mimi. Juzi diwani kaja kutazama shimo lililo mbele ya kibanda changu kwa sababu nililionyesha, akatumbukiza mguu, na hilo nalo nikalionyesha. Ninyi kwenye gazeti mnaandika leo mambo ya jana. Mimi niko hewani jambo likiwa bado la moto.

Mama Vifungo anakusalimu. Yule wa kiwanda cha kushona nguo, ambaye dirisha lake linatazamana na kibanda changu. Analalamika kwamba nimekuwa mtu mkubwa siku hizi, saa yake sijaigusa tangu ailete. Kila akipita ananiuliza, nami namwambia dakika moja. Anasema, "Fundi, hiyo dakika yako moja itaota mvi."

Tazama video zangu uniambie.

Baba yako


Jumatano, 5 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimepona. Hayo magoti nenda ukayaonyeshe, usiyafanyie mzaha.

Nimetazama video zote. Ile ya diwani nimeirudia, na chumba kizima cha habari kimecheka. Una jicho, Baba. Sikupambi.

Ila nina ombi, na usikasirike. Unaongea mno. Kwanza kurekodi si kuwa hewani, nawe kila ukiwasha simu unatangaza kwamba uko hewani. Pili, kwenye ile ya bomba kuna mama anaeleza jinsi wanawe wanavyougua, wewe juu yake unawasalimu watazamaji. Mimi mtu mpya akija kazini namwambia hivi: ukirekodi, nyamaza. Sauti yako si habari. Na kabla hujaituma, isikilize mpaka mwisho.

Msalimu sana Mama Vifungo. Na mtengenezee saa yake.

Mwanao


Jumamosi, 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za kifua. Magoti yamepewa dawa, yameikataa.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, ili usiseme. Ninyamaze? Watu wanakuja kwa ajili ya sauti yangu. Kuna mmoja kaandika pale chini kwamba nina sauti ya redio za zamani. Zile redio nimezitengeneza mimi, najua anachosema. Na ninaposema niko hewani, niko hewani. Simu ikiwaka mbele yangu mimi najisikia niko hewani, hayo ya kurekodi ni maneno ya ofisini.

Wewe mimi ndiye niliyekufundisha kusema, leo unanifundisha kunyamaza. Dunia hii.

Baba yako


Alhamisi, 20 Februari

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi mwili haujambo.

Kiwanda cha kushona kimeungua jana mchana. Utakuwa umeona, kwa sababu kila aliyeona ameona kwangu. Nilikuwa wa kwanza. Moshi ulipoanza kutoka madirishani nilikuwa nimeshavuka barabara, simu mkononi. Zimamoto wamenikuta. Gazeti lenu limekuta majivu. Redio wameiomba video yangu, na watu wa mbali nisiowajua wananiita Mzee wa Habari.

Wamekufa wanawake watatu. Mama Vifungo ni mmoja wao.

Mlango wa nyuma, ule unaotazama kwangu, ulikuwa umefungwa kwa nje. Wabeba mizigo walikuja na nyundo wakauvunja, wengi wakatoka. Hao watatu hawakuwahi. Sasa mwenye kiwanda anasema mlango haukufungwa, ulikwama kwa joto. Waliookoka wamenyamaza, bado wanategemea kazi. Na kufuli halipo. Limekwenda wapi, sijui. Kwenye video halionekani kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango.

Lakini nimeandika kwenye ukurasa kwa herufi kubwa: FUNDI SAA AMEONA KUFULI. Basi. Watu wananiamini.

Saa yake iko hapa mezani, kifuniko hakijafunguliwa.

Baba yako


Ijumaa, 21 Februari

Baba, shikamoo, na pole. Pole sana.

Nimetoka nje ya ofisi nikalia kwenye ngazi. Namkumbuka alivyonishonea kifungo cha sare nikiwa nimeivaa, sindano kidevuni, akiniambia nikicheka atanishona mdomo.

Nimeitazama video. Wewe unasema umekuwa wa kwanza kufika, halafu inaruka, na tunaona watu wameshakuja na nyundo. Katikati pamekatwa. Baba, tume ya uchunguzi inaanza mwezi ujao. Mawakili wa mwenye kiwanda watasema ni mzee mmoja apendaye sifa ameandika kwamba ameona, basi. Kufuli likikosa ushahidi, itaandikwa kuwa ni ajali, na yeye atajenga upya, na mlango ataufunga upya.

Video nzima unayo? Nitumie. Pengine kufuli linaonekana upande, au linasikika.

Mwanao


Jumanne, 25 Februari

Mwanangu,

Sijambo. Video ni hiyo hiyo. Simu ilijaa nikafuta.

Na mimi si mzee apendaye sifa. Nimesema nimeona, nimeona. Usiniulize tena.

Baba yako


Jumanne, 11 Machi

Baba, shikamoo.

Hujajibu barua mbili. Jirani yako fundi viatu ananiambia kibanda hukifungui, unakaa ndani na kumjibu kupitia mlangoni. Unakula? Dawa za magoti zipo?

Simu hiyo niliiandaa mimi, Baba, nilipokuja likizo. Kila unachorekodi kinahifadhiwa mahali ambapo hata ukikifuta kwenye simu kinabaki. Neno la siri ninalo. Naweza kuingia sasa hivi nikiwa nimekaa hapa.

Sijaingia, na sitaingia. Ni yako. Nakuomba wewe.

Tume inakaa Jumatatu, tarehe 24.

Mwanao


Jumatano, 19 Machi

Mwanangu,

Nakula. Dawa zipo.

Ipo nzima. Sikufuta, nilikata.

Jioni ile ya moto nilikaa nikaisikiliza kabla ya kuituma, kama ulivyosema. Katika yote uliyonifundisha nilitii hilo moja tu. Simu ilikuwa inanitazama mimi, mlango uko nyuma ya bega langu, moshi unatoka chini yake. Mimi nawaambia ndugu watazamaji kwamba fundi wenu ndiye wa kwanza kufika. Halafu mlango unagongwa. Halafu anaita. Ni Mama Vifungo, sauti yake siikosei hata kwenye moshi.

"Fundi. Fundi, kufuli. Wametufungia kwa nje."

Na mimi nasikika vizuri kabisa, sauti ya redio.

"Dakika moja, niko hewani."

Sikugeuka. Simu haioni hata shingo yangu ikicheza. Nikaendelea kueleza moshi ulivyo mweusi. Wale wabeba mizigo walikuja wenyewe, walisikia kutoka ng'ambo, hawakuitwa na mimi.

Naapa wakati ule sikujua kwamba nimesema. Ni neno langu la kibandani, mtu akiita fundi linatoka lenyewe, mkono uko kwenye saa na jicho liko kwenye kioo. Lakini sasa nimelisikia. Nimelisikia mara nyingi kuliko watu wote wa ukurasa wangu wakijumlishwa.

Kufuli sikuliona. Nimeandika nimeona. Aliyesema kuna kufuli ni yeye, na nimemkata.

Nikiitoa, kila mtu atajua kwamba kufuli lilikuwepo. Na kila mtu atanijua mimi.

Usinijibu barua hii. Ukijibu utanishauri, na mimi nikishauriwa nagoma. Unanijua.

Baba yako


Jumapili, 30 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo, na nashukuru hukujibu. Najua ilikuwa kazi.

Nilikwenda. Nilivaa koti lile ambalo vifungo vyake ni kazi ya mkono wake. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni, na milango yote waliiacha wazi, nikaona watu wanaigeukia geukia. Nikawapa simu. Wakaichomeka kwenye spika kubwa.

Ilipofika pale, mwenye kiwanda alitazama chini. Wakili wake akasimama upesi. Ni kijana mpole, ana saa nzuri lakini inachelewa.

Akaniuliza, "Mzee, huyo anayesema dakika moja ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo kufuli hukuliona."

"Sikuliona. Aliyelitaja ni huyo anayeita."

Akaniambia nirudie kwa mdomo wangu maneno niliyomjibu, yaandikwe. Nikarudia. Mwandishi wao hakusikia, nikarudia tena kwa nguvu. Baada yangu wakasimama wawili kati ya waliookoka, wakasema na wao. Wa pili akasema kufuli lilifungwa kila asubuhi ili watu wasitoke nje kupumzika. Mwenye kiwanda amezuiwa kusafiri, na maneno ya ajali yamefutwa kwenye karatasi zao.

Watu wameandika mengi kwenye ukurasa wangu. Utakuwa umeyasoma. Sijafuta hata moja.

Saa niliitengeneza. Haikuwa na ugonjwa, vumbi tu. Jana dada yake alikuja kibandani. Nilimpa, akaivaa palepale, hakuangalia hata kama inatembea. Nilimvutia kiti, hakukaa. Nikangoja matusi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniambia, "Sauti ya mwisho ya dada yangu unayo wewe. Huwezi kuitoa ya kwako ibaki ya kwake?"

Neno langu lile lilinifika ulimini, nikalimeza. Nikamwambia nitauliza.

Basi nakuuliza. Hapo kazini mna mitambo. Inaweza kunitoa? Nitoe pote nilipo, hata salamu. Ibaki ya kwake.

Baba yako


Jumatano, 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Nafurahi kwamba umefungua kibanda.

Tumejaribu siku mbili. Nilikaa na fundi wetu wa sauti, mtu mvumilivu, hakuniuliza wewe ni nani wangu mpaka nilipomwambia mwenyewe. Sauti zenu zimelaliana. Tukikupunguza wewe, naye anapungua. Tukikufuta, kwenye neno kufuli anapotea kabisa.

Pana mahali pamoja tu ulipovuta pumzi, naye yuko peke yake, safi, kama amesimama dirishani. Anasema Fundi. Ndicho tulichopata. Nimekutumia.

Isikilize kwanza wewe.

Mwanao


Ijumaa, 4 Aprili

Mwanangu,

Imefika. Nimempelekea dada yake. Amesikiliza mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Sikusema kitu.

Baba yako