Bei ya Ukutani

Berea, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Ile dawa unaitia, au umeshagawia majirani kama kawaida yako? Sisi wazima. Juma anaota meno, hanipi usingizi, nasuka watu huku nasinzia.

Mama, nina jambo linanikaba. Unakumbuka nilivyomkataza Rehema kuomba chuo cha uuguzi cha huku? Nilifika getini, nikaona ada imebandikwa ukutani, nikageuka hapohapo. Nikampigia: "Mdogo wangu, kile si chetu." Tangu siku ile hapokei simu yangu.

Sasa juzi namsuka Mama Grasi, mteja wangu Mkongo wa Yeoville. Kumbe binti yake anasoma palepale! Nikamtania, mumeo amepata mgodi wa dhahabu? Alicheka mpaka msuko ukanitoka mkononi.

"Weye! Ile bei ya ukuta hakuna mutu analipaka! Unaingia mu ofisi, unaeleza hali ya nyumba, banapunguza. Kila mara tunapigana juu ya bei ya misuko, kwa chuo ukanyamaza?"

Nilinyamaza, Mama. Mimi, uliyenifundisha nisitoe bei ya kwanza hata kwa fungu la dagaa. Niliona vigae vinang'aa, nikajiona na kandambili zangu, nikaona aibu kuuliza.

Jana nimekwenda, Juma mgongoni. Dada wa ofisini akauliza nyumbani tunakula wangapi na nani ana kazi, akapiga hesabu. Imebaki chini ya nusu, tena ni ya kulipa kidogokidogo. Bado nzito, eish, lakini nitasuka na Jumapili. Wewe cherehani yako usiuze. Nimesema.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na Shangazi anayekupikia uji.

Nimeandika kwa sababu simu Rehema ananikatia, lakini wewe hawezi kukukatalia kukusomea. Basi Rehema, hapa ni wewe. Usiikunje. Dada yako hakukosa fedha, alikosa mdomo, akakufungia mlango ambao hata hakuubisha. Nisamehe. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi, vyeti unatuma mwenyewe. Kasirika, una haki, ila kasirika huku unatuma.

Halafu mwambie Mama nimemaliza, nawapenda.

Wenu,
Mwanaidi, Mama Juma