Sekunde Thelathini Juu ya Ua

Jumamosi, 6 Septemba
Dirisha la ngazi, kamera ya mjomba. Picha kumi na nne — nyingine giza totoro, nyingine ukungu mtupu. Mkono unatetemeka hata nikibana pumzi. Nadhani napenda usiku kwa sababu hakuna anayeniangalia. Hilo simwambii mtu.

Jumapili, 7 Septemba
Nimepata! Kamera juu ya ndoo iliyofunikwa, shata, yaani kope ya kamera, wazi sekunde thelathini, taima ili kidole kisiitikise. Ua wa ghala la jirani, ambako Kaka hulinda usiku, umetoka wa bluu, tofali moja moja. Ajabu: watu watatu walipita mbele ya geti, kwenye picha hayumo hata mmoja. Anayetembea kamera haimshiki. Aliyetulia ndiye hubaki.
Kiti cha Kaka kitupu. Atakuwa anazunguka.

Jumanne, 9 Septemba
Kaka kaenda kuisafisha picha, kaibandika kwenye kibanda chake cha ulinzi. Eti, "Bubu wetu kanyamaza miaka yote, kumbe anapika mambo." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Masikio yaliniwaka. Kwa furaha lakini.

Alhamisi, 11 Septemba
Mabunda matatu ya waya yameibwa ghalani — usiku wa Jumapili. Mwenye ghala kaiona picha kibandani: kiti kitupu, na pembeni tarehe na saa kwa rangi nyekundu. Sikuizima ile tarehe, mjinga mimi. Kamwambia Kaka, "Ushahidi umenibandikia mwenyewe, kijana." Kesho arudishe funguo, kazi basi.
Kaka anaapa alikuwa anazunguka ua, tochi inawaka, kama kila usiku. Mama anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa.
Picha yangu inamsingizia. Na anayejua kwa nini ni mimi tu — mimi ambaye hata kuitikia jina darasani hunikwama kooni.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimesema. Sauti ya kifaranga, lakini ilitoka. Mwenye ghala alisikiliza mpaka mwisho kwa nini anayetembea hatokei pichani. "Haya binti, nionyeshe. Leo mlinzi ni mimi."
Giza lilipoingia alichukua tochi ya Kaka, akazunguka ua, kitambi mbele. Mimi na Kaka dirishani. Sekunde thelathini. Kaka anahesabu kwa midomo.
Picha ikatokea. Mwenye ghala hayumo! Kaka akanishika mabega. "Umeniokoa, mdogo wangu."
Halafu nikaona mstari. Mweupe, mwembamba, umezunguka ua mzima kama uzi. Mtu kapotea, tochi yake haikupotea.
Nikairudia ya Jumapili. Hakuna mstari. Nimevuta karibu kila kona — hakuna.
Labda alikuwa nyuma ya ghala. Labda.
Kaka aliangalia skrini, akaniangalia mimi. Hakuapa safari hii. "Futa hiyo," akasema taratibu. "Tupige nyingine. Nitamwambia azime tochi."
Viatu vya mwenye ghala vilikuwa vimeshafika ngazini. Nikasema betri imekwisha, naenda kuchaji. Uongo ulitoka laini, bila kukwama popote.
Sasa niko chumbani, mlango nimeurudisha. Sebuleni Mama anamkaribisha chai, anamwambia mwanangu huyu hajawahi kugusa cha mtu. Kaka kasimama nje ya mlango wangu, kivuli cha miguu yake nakiona chini. Mwenye ghala kauliza tena, "Binti, bado tu?"
Taa ya chaja ni ya kijani: betri imejaa, na picha zote mbili bado zimo.