Jina la Mama Kwenye Orodha ya Viwanja

Kijiji cha Ilalwa,
Njia ya Ntalikwa,
Tabora.

9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Dionis,

Marahaba, maana najua ungeanza kwa kuniamkia. Hamjambo huko Mtwara? Wifi yangu Elieth ameacha kukohoa? Na watoto, shule inaendaje? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua nikichuchumaa. Mvua zilikuwa nzuri, na michembe ya viazi ya kutosha ipo ndani.

Salamu ziishie hapo, Dionis. Nimekukasirikia, na leo nitakueleza kwa nini.

Ulisikia kwamba mji unataka kusogea mpaka huku, Ilalwa iingizwe ndani yake na mashamba yakatwe viwanja vya nyumba. Mimi sikuwa mpinzani. Binti yangu Magreth anapanga chumba kimoja kule mjini, Ng'ambo, na watoto watatu, kwa hiyo najua watu wanahitaji pa kujenga. Tena nani asiyetaka bomba la maji? Nilichosubiri ni kuitwa mkutanoni, niulizwe, nijibu.

Sikuitwa. Mwishoni mwa Aprili nilikuwa nang'oa karanga kwenye shamba la mama nikaona wapima ardhi wanakuja na mashine yao ya miguu mitatu. Hawakubisha hodi. Walikanyaga matuta, wakachimba shimo katikati ya karanga, wakasimika bikoni, kile kigingi chao cha zege cha kuonyesha mpaka. Nikawauliza ni nani aliyewaruhusu.

"Mama, mbona ukoo wenu wote umeshakubali?" akasema mmoja wao, kijana mpole tu, akanifungulia karatasi. "Haya ni majina ya waliosaini kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa pili."

Nikasoma. Namba kumi na nne: Apolinaria Kasele. Mama yetu! Pembeni pana dole gumba la wino wa bluu. Mama tuliyemzika mwaka 2019, wewe mwenyewe ukishika msalaba mbele ya jeneza. Nilikaa chini palepale kwenye matuta. Halafu nikaona namba kumi na tano. Dionis Kasele, na sahihi.

Nilijiambia wamekughushi wewe kama walivyomghushi mama. Nilikutetea moyoni wiki nzima.

Wapima walipokuja na wakubwa wao kutangaza mradi, watu wote wakakusanyika uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji, kama unavyojua, ni Wilbroad, mtoto wa baba mdogo Revocatus, aliyekulia kwenye sahani moja na sisi. Akaeleza mambo ya umeme na barabara, watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, namba kumi na nne ni nani? Naomba asimame tumwone."

Wilbroad akainamisha kichwa. "Dada Getruda, hayo tutayazungumza nyumbani."

"Hapana, jina lake halikuandikwa nyumbani. Lisome hapa."

Hakulisoma. Nikalitaja mimi, na cheti chake cha kifo nikakiinua juu. Uwanja ulilipuka. Wazee wakadai orodha yote isomwe, ikasomwa. Wafu walikuwa wanne, Dionis. Wengine walikuwa wameshahamia Usoke na Igunga miaka mingi iliyopita, na wengine ni watoto wa shule ambao hawajafikia umri wa kupiga kura.

Wilbroad akakiri mbele ya watu wote. Alisema mkutano ule ulihudhuriwa na watu wachache, idadi haikutimia, naye akaogopa kijiji kipitwe na mradi uende kwingine. Alilia, na hata machozi yake yalinikera. Nikamuuliza ni dole la nani lile. Akasema ni lake. Ndipo akanitazama akasema, "Lakini Dionis sikumghushi. Nilimwuliza kwa simu."

Nikamwambia ni mwongo. Akatoa simu, akanionyesha ujumbe wako: "Niandike tu kaka, weka na sahihi. Mimi sirudi tena kulima huko."

Mbele ya watu, Dionis! Mimi niliyekuwa nimesimama kama simba nikakunja cheti cha mama, nikaketi.

Orodha ilifutwa. Mkutano mpya ulifanyika Jumamosi iliyopita, na safari hii kila mtu alisimama kwa miguu yake. Tumekubali mji uchukue upande wa barabara kuu, kwa wanaotaka kutoa wenyewe na kulipwa fidia. Mashamba ya bondeni na makaburi yamebaki nje. Wilbroad amejiuzulu uenyekiti. Bikoni ya kwenye shamba la mama waliing'oa wapima wenyewe, ila karanga za pale zilishasagika, sikupata hata debe.

Sehemu yako ya shamba ipo, kule upande wa barabara kuu. Sikuigusa wala sitaigusa. Ukitaka kuitoa iwe viwanja, ni haki yako, nami sitakuzuia. Lakini panda basi uje, upite kwanza kaburini kwa mama, kisha usimame mkutanoni useme kwa mdomo wako. Mama hakuwa na namna ya kukataa walipomwandika. Wewe ulikuwa nayo, ukasema "niandike tu".

Msalimie sana Elieth, na wabusu watoto. Baba mdogo Revocatus anakusalimu. Aibu ya mwanawe imemzeesha, mpigie. Magreth naye anakuamkia mjomba wake.

Mungu akulinde barabarani na lori lako, akufikishe salama kila unakokwenda, na siku moja akufikishe na huku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyokasirika,

Getruda